Mtu Aliyepanda Mpaka Kanisani

Kitu cha kwanza kilichoonekana kwa Thadeus Mwandoe, kabla hata ya sura yake, kilikuwa ramani. Aliibeba katika mfuko wa shati ikiwa imekunjwa mara nane, na kwa kuwa mfuko ulikuwa mdogo, nusu ya ramani ilichungulia nje chini ya kidevu chake, kama kitambaa anachofungwa mtoto anapolishwa uji. Ukimwamkia njiani pale Voi, hakuitika. Alikutazama juu hadi chini, akaigusa ramani, akauliza, "Wewe unakaa upande gani?" Ulipojibu ndipo alipoamua kama salamu yako inastahili jibu.

Watu wa mji walimzoea kama walivyozoea vumbi. Tryphena Wakio peke yake hakumzoea, na alikuwa na haki, maana yeye ndiye aliyemshika mikononi siku alipobatizwa, mwaka wa 1932. Mtoto alilia tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na maji yalipomgusa utosini akamtapikia kasisi kwenye kanzu. Tryphena, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na minane, ndiye aliyeifua kanzu ile. Akaendelea kufua kanzu za kanisa kwa zaidi ya miaka hamsini, na kila alipomwona mtoto wake wa ubatizo akipita na karatasi kifuani alisema neno lilelile: "Doa la kwanza lilikuwa lile, nami nililitoa. Hili la sasa halina sabuni."

Kanisa lenyewe liliitwa Kanisa la Stesheni. Lilijengwa na wafanyakazi wa reli kwa mikono yao, siku za mapumziko. Nguzo zake zilikuwa mataruma ya reli yaliyochakaa, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya na kupigwa kwa nyundo. Waliosali humo walitoka kila mahali: watu wa Werugha walioteremka kutoka kwenye ukungu wao kutafuta mishahara, watu wa Rukanga na Makwasinyi, vijiji vya kuuzunguka mlima Kasigau, na Wakamba waliofungua maduka karibu na soko. Wimbo mmoja uliimbwa kwa lugha tatu kwa wakati mmoja, na aliyemaliza mapema aliwangoja wenzake. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna aliyemuuliza mwenzake anakaa wapi.

Donald, mume wa Tryphena, alikuwa nyapara wa wafanyakazi wa reli na mmoja wa wale waliosimamisha nguzo zile. Alifariki wakati wa mvua kubwa ya mwaka wa 1961. Ndugu zake walitaka azikwe kwao Werugha, lakini barabara ya mlimani ilikuwa imekatika mahali pengi, na lori lililojaribu kupanda lilirudi kinyumenyume. Basi Donald akazikwa nyuma ya kanisa, hatua arobaini kutoka madhabahuni. Ndugu zake waliposema kwamba jua likiwaka watakuja kumhamisha, Tryphena aliwaambia wasijisumbue. Aliomba jambo moja tu: nafasi ya mtu mmoja iachwe upande wa kushoto wa kaburi, kwa kuwa katika ndoa yao yote alilala upande wa kushoto. Wazee wa kanisa wakaipanga nafasi ile kwa mawe meupe manne. Hilo ndilo lililokuwa shamba lake pekee duniani, na hakutaka jingine.

Thadeus, wakati huo, alikuwa karani mdogo katika ofisi moja ya serikali. Kazi yake ilikuwa kunakili barua ambazo wengine walikuwa wamefikiria. Kanisani aligombea uzee mara tatu. Mara ya kwanza alipata kura tatu, mara ya pili tatu, mara ya tatu tatu. Moja ilikuwa yake, nyingine ya mkewe Loise, na ya tatu mpaka leo watu wanatafutana. Mtu mwenye akili angejiuliza kasoro yake. Thadeus alijiuliza kasoro ya kanisa, akaona ni kubwa mno kwa mtu wa kiwango chake.

Ndipo ukaja mpaka. Mwaka wa 1969 ramani mpya ililetwa ofisini, ikionyesha mahali mji unapoishia na lokesheni ya nje inapoanzia. Haikuwa na neno lolote kuhusu makanisa. Ilihusu mambo ya taka, barabara na leseni za biashara. Lakini Thadeus alipoinakili aliona kwamba mstari unapita palepale Kanisa la Stesheni. Kwa kweli ulipita juu ya kila kitu, kwa sababu mchoraji alikuwa ametumia kalamu nene: wino ulifunika kanisa, choo na makaburi kwa pamoja. Mtu mwingine angesema mpaka uko karibu na hapo. Thadeus alichukua rula, akaugawanya wino katikati, na kwa unywele mmoja wa wino akaamua kwamba kanisa ni la mji na makaburi ni ya nje.

Yeye mwenyewe alikaa nje, mwendo mfupi kupita makaburi.

Aliandika barua kumi na moja. Alieleza kwamba haifai parishi moja kulala katika maeneo mawili ya utawala. Kasisi Hudson, aliyekuwa mzee na aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alizisoma mbili za kwanza. Zilizosalia aliweka kikombe cha chai juu yake. Mwishowe aliweka sahihi ili mtu yule aache kuja nyumbani kwake wakati wa chakula. Huko juu, ofisini kwa askofu, walifurahi, maana katika ripoti ya mwaka parishi moja ilikuwa imekuwa mbili, na hayo yakaitwa maendeleo. Hivyo ikazaliwa Parishi ya Ng'ambo. Haikuwa na kanisa bali kibanda cha mabati kando ya makaburi, na mwenyekiti wake, bila kupigiwa kura hata zile tatu, akawa Thadeus Mwandoe.

Siku moja ya Jumamosi, mwaka wa 1970, Tryphena alifika kanisani na beseni la kanzu zilizopigwa pasi, akamkuta mwenyekiti amepiga magoti nyuma ya kanisa, mikono imejaa udongo. Pembeni yake palikuwa na rundo la mimea iliyoletwa kwa lori kutoka mlimani. Tryphena aliitambua akiwa mbali. Ilikuwa mimea ya mpaka, ile ya shina jembamba na majani marefu, inayotenga shamba na shamba kwenye matuta ya Werugha. Watoto wa kule hufunzwa mapema kwamba mmea ule hauguswi. Aliyeupanda ndiye pekee awezaye kuung'oa, kwa mkono wake, mchana, majirani wa pande zote mbili wakiwa wamesimama wanatazama. Akiung'oa mtu mwingine, nyumba yake haitakaa kwa amani tena.

"Unafanya nini, Thadeus?"

"Naweka mpaka, mama. Ramani imesema."

"Na ramani imekuambia uupande juu ya kitanda changu?"

"Kitanda gani?"

Aliweka beseni chini, akamwonyesha. Shimo la tano lilikuwa limechimbwa katikati ya mawe meupe manne. Mawe mawili yalikuwa yameshang'olewa.

"Hapo. Donald yuko pale, mimi niko hapa."

"Wewe hauko hapa, mama," alisema Thadeus kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Wewe uko sokoni, unakokaa. Ukitazama vizuri ramani—"

"Usinitandikie karatasi. Kama ulitaka ua, kwa nini hukuweka waya?"

Hapo Thadeus alitabasamu, na Tryphena alikiri baadaye kwamba ndiyo mara pekee alipomwona mtoto wake wa ubatizo akiwa amewaza jambo kwa kichwa chake mwenyewe. "Waya ungeibwa kabla ya Jumapili, mama. Lakini huu? Nani atautia mkono?"

Nzioka, fundi cherehani aliyekuwa mzee wa kanisa upande wa mji, alikuwa amefika na kusimama mlangoni. Aliufuata mstari kwa macho hadi mwisho wake. "Bwana Mwenyekiti," akasema, "naona huo mpaka wako unaelekea chooni. Utapita katikati? Maana nataka kujua nikikaa, mguu upi uwe wa parishi ipi."

Thadeus alifungua ramani, akatafuta kwa kidole. "Choo ni cha pande zote mbili," akatangaza.

Na kweli alikiruka. Kwa miaka kumi na minne umoja wa Wakristo wa Voi uliishi chooni, kwa kuwa hapo ndipo waumini wa parishi zote mbili walipokutana, wakaulizana hali za watoto, wakapeana vitabu vya nyimbo. Nje ya hapo walikuwa wageni. Ibada zilianza saa ileile, kwa kengele moja, na kwaya mbili zikaimba zikiwa zimetengana hatua arobaini, kila moja ikijitahidi kuzidi nyingine kwa sauti, hata abiria wa treni za mchana walitoa vichwa madirishani wakidhani watu wanagombana. Loise, mke wa Thadeus, ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote. Aliimbia kibanda, huku macho yake yakiangalia kanisa.

Mwenyekiti naye aliandika kanuni. Alizipiga chapa kwa mashine ya ofisi na kuzigongomea kwenye nguzo ya kibanda. Kanuni ya nne ilisema mzee wa parishi sharti akae ndani ya mipaka ya parishi. Kanuni ya saba ilisema hatazikwa katika makaburi ya parishi mtu asiyekaa ndani ya mipaka hiyo. Hakuna aliyezisoma, kama ilivyo kawaida ya vitu vilivyogongomewa nguzoni, mpaka mwaka wa 1976 alipofariki mzee Obadiah.

Obadiah alikuwa mpiga kengele. Kwa miaka thelathini alikipiga kile kipande cha reli, kikamwita kila mtu, pamoja na Thadeus. Alikaa karibu na soko. Jeneza lake lilitolewa kanisani likiwa begani kwa watu sita, likafika kwenye ile mimea, ambayo sasa ilikuwa imefika kifuani, na hapo likasimama. Upande wa pili Thadeus alikuwa ameshika karatasi. Aliisoma kanuni ya saba yote, pamoja na nambari yake na tarehe yake, jua likiwa la utosi na wabebaji wakibadilishana mabega. Hakuna aliyevuka. Si karatasi iliyowazuia, ni ile mimea isiyoguswa, na Thadeus alilijua hilo vizuri sana. Obadiah akapelekwa makaburi ya mji, kule mbali, kati ya watu ambao hakuwahi kuwapigia kengele.

Watu walipokuwa wakigeuka, Tryphena alibaki. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na magoti yalikuwa yameanza kumwambia mambo.

"Na mimi je, Thadeus?"

"Wewe mama ni wa Mjini."

"Ninapokaa napajua. Nakuuliza nitakapolala."

"Unaweza kuomba uhamisho uje Ng'ambo. Iko fomu."

"Nihame nyumba ili nipate ruhusa ya kufa?"

"Iwe miezi sita kabla, mama. Kanuni ya saba, sehemu ya pili."

"Basi nipe tarehe, mwanangu, nijue nianze lini kufunga mizigo."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko msibani, wakaona haya, wakacheka tena. Thadeus peke yake hakucheka. Alikuwa akijipapasa mifukoni, akitafuta kalamu.

Tangu siku ile Tryphena hakumwomba kitu. Kila Jumamosi, akimaliza kupeleka kanzu, alisimama upande wake wa mimea na kumwambia Donald habari za wiki kupitia majani. Aliitazama ikikua. Mizizi ilivimba na kuinuka juu ya udongo, mahali pale palipokuwa na mawe manne, na kila mwaka aliona kitanda chake kikiingiliwa zaidi. Alikuwa haogopi kufa. Aliogopa kumtangulia Thadeus, kisha alale kwingine, na Donald abaki ametazama mizizi.

Mwaka wa 1984 ramani nyingine ikaja. Mji ulikuwa umekua, na wale wachoraji wasiomjua Thadeus wala kanisa lake walikisogeza kile kistari, safari hii kwa kalamu nyembamba, hadi kwenye korongo. Kanisa likawa ndani ya mji, na choo, na kibanda, na makaburi. Nyumba zilizokizunguka kibanda zikawa za mji pia. Mstari ulipita mbele ya mlango wa Thadeus na kumwacha nje.

Alikaa na ile ramani siku mbili nzima. Loise alisimulia kwamba aliigeuza juu chini, akaitazama kwa nyuma. Parishi ya Ng'ambo, kwa mujibu wa kanuni zake mwenyewe, sasa ilikuwa nyumba kumi na moja, mbuzi, na miiba. Kwa kanuni ya nne hakuweza kuwa mzee popote penye kanisa. Kwa kanuni ya saba hakuweza kuzikwa alipozikwa mama yake mzazi, pale nyuma ya kanisa.

Jumapili iliyofuata alikuja kwenye baraza la wazee wa Mjini. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu, na watu kadhaa hawakumtambua. Kasisi mpya, kijana aliyeitwa Ndeti, alimkaribisha aketi.

"Ndugu zangu," Thadeus akaanza, "nimeomba sana. Nimeonyeshwa kwamba kanisa halina mipaka."

"Limeacha kuwa nayo lini?" akauliza Tryphena, aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama. "Jumanne, ilipokuja ramani, au Jumatano?"

"Mama, tusirudi nyuma. Tuungane tuwe parishi moja, kama zamani."

"Na kanuni?"

"Kanuni zilikuwa za wakati ule."

"Obadiah pia alikuwa wa wakati ule," alisema Nzioka.

Hata hivyo walikubali, na walikubali upesi, kwa sababu hakuna aliyewahi kutaka kutengana isipokuwa yeye. Kanuni zikafutwa. Barua ikaandikwa, mara hii moja tu. Kikabaki kitu kimoja ambacho barua haiwezi kukiondoa, nacho kilikuwa kimesimama nyuma ya kanisa, kirefu kuliko mtu.

Kasisi Ndeti, aliyekuwa na elimu nzuri na haraka nyingi, alisema ni mimea tu. Akatafuta vibarua wawili wenye mapanga. Walifika, wakautazama mstari ule kutoka mwanzo hadi mwisho, wakayaweka mapanga begani. "Kasisi, mimi nina watoto," alisema mmoja, na wakaenda zao. Kasisi akavua koti ili aanze mwenyewe. Nzioka akamshika mkono. "Mungu atakusamehe, Baba, hilo najua. Lakini Jumapili utasimama na mkate na divai, na hakuna atakayekuja kupokea kwa mkono uliong'oa mpaka wa mtu."

Kila mtu akamgeukia Thadeus.

"Nitaing'oa," akasema. "Nitakuja Jumanne, alfajiri."

"Alfajiri nani atakuona?" akauliza Tryphena. "Unajua inavyofanywa. Mchana, pande zote mbili zikitazama, nawe useme kwa sauti kwamba wewe ndiye uliyepanda. Utakuja Jumamosi, saa nne."

"Saa nne ya Jumamosi soko limejaa, mama!"

"Ndiyo. Watakuwa wamekwisha kununua, watakuwa na nafasi."

"Basi nitaleta jembe."

"Ulipanda kwa mkono."

"Lakini mizizi ina miaka kumi na minne!"

"Nami nimeihesabu kumi na minne, mmoja mmoja," alisema mama yake wa ubatizo. "Na utaanzia kwa mmea wa tano. Ule ulio kitandani kwangu."

Habari zilifika Rukanga kabla ya Jumatano. Dereva wa lori la mboga kutoka Werugha alibadilisha siku yake ya kushuka ili asikose. Sokoni watu waliulizana atavaa nini, na kama tumbo litamruhusu kuinama, na kama ataanguka kwa mgongo au kwa uso. Wanakwaya wa pande zote mbili walifanya mazoezi pamoja, chini ya Loise, kwa ajili ya wimbo utakaoimbwa mmea wa mwisho ukitoka. Ijumaa Tryphena alifua kanzu zote, ingawa zilikuwa safi.

Jumamosi saa tatu na nusu ua wa kanisa ulikuwa umejaa hadi ukutani. Upande mmoja wa mimea walisimama watu wa Mjini, upande wa pili wale waliokuwa wa Ng'ambo, kama desturi inavyotaka. Nzioka alikuwa ameleta kiti kutoka kanisani na kukiweka karibu na ule mmea wa tano. Tryphena alikaa, miguu yake ikiwa imenyooka kuelekea kaburi la Donald, na mapajani mwake akapakata mawe meupe mawili, yale yaliyong'olewa mwaka wa 1970, ambayo aliyatunza chini ya kitanda siku zote hizo.

Loise alipenya katikati ya watu, peke yake, akihema.

"Yuko wapi?" akauliza Tryphena.

"Anakuja, mama. Nimemwacha mlangoni."

"Anafanya nini mlangoni?"

"Amevaa viatu, akavua, akavaa tena. Sasa anafunga kamba za viatu."

Tryphena aliyapangusa mawe kwa upindo wa kanga, moja kisha la pili, akayaweka vizuri mapajani. Kisha akainua macho kuelekea kijia kinachotoka kwa Thadeus, na watu wote wakageuza shingo kumfuata.